Stika inabanduka, inatoa mapovu, inasinyaa: igeuze kwanza uangalie mgongo

Mteja akirudi na stika imebanduka maneno huwa ni yale yale, "fundi ulinipa feki", na fundi naye ana jibu lake la siku zote, "bosi mzigo wa siku hizi ndo unakuja hivyo". Mi nimeshakaa pande zote mbili, nimelalamikia na nimelalamikiwa, na nikwambie tu feki zipo ila mara nyingi roli la stika lenyewe halina kosa lolote, ni stika ya kazi fulani tumeipeleka kwenye kazi isiyo yake, au imebandikwa juu ya uchafu ambao jicho halikuuona. Na uzuri stika yenyewe inasema. Kabla hujaitupa igeuze uangalie mgongo, gundi imebaki wapi?

Kama gundi yote imekuja na stika na imebeba unga unga wa rangi au vumbi, basi stika ilishika vizuri tu, kilichoachia ni rangi ya ukuta. Kama gundi imekuja yote na iko safi inang'aa kama ya jana, hapo kulikuwa na mafuta, nta au silikoni, au ni ile plastiki ambayo haikubali gundi ya kawaida. Kama stika imekuja kavu inakatika katika kama ganda la yai na gundi imebaki kule kule, imezeeka, jua limeshaimaliza. Na kama bado imeshika vizuri ila pembeni ya kila herufi kuna kamstari keusi ka uchafu, hiyo imesinyaa. Tuanze na hiyo ya mwisho maana ndo inayoeleza aina za stika zenyewe.

Kamstari keusi pembeni ya herufi

Kale kamstari sio uchafu uliokuja kutoka nje ukaamua kukaa pale. Stika ilikuwa kubwa, ikasinyaa milimita moja hivi kila upande, gundi ikabaki wazi, vumbi likaja likanasa. Ukiona hivyo kwenye gari au bango ambalo halijafikisha hata mwaka mmoja na nusu, jua umebandika monomeriki, ile stika ya bei chee.

Stika hizi ni za vinaili, na vinaili ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, na kwa asili yake ni ngumu, ili ilale kama kitambaa wanaichanganya na kilainishi. Kwenye monomeriki kilainishi chake ni chepesi, kinatoroka kidogo kidogo kikipigwa na joto, kikiisha stika inakuwa ngumu, inasinyaa, inapasuka. Polimeriki kilainishi chake ni kizito, hakikimbii haraka, kwa hiyo inadumu zaidi. Hizi zote mbili zinatengenezwa kwa kusukumwa katikati ya rola za moto mpaka ziwe nyembamba, wenye viwanda wanaziita za kalenda, haina uhusiano wowote na tarehe. Sasa we si umeshasukuma chapati? Unga ambao haujapumzika ukiusukuma unavuta kurudi ulikotoka, ndo hivyo hivyo na stika ya kalenda, imevutwa na inakumbuka.

Halafu kuna kasti. Hiyo haisukumwi, ni chapati ya maji, inamwagwa ikiwa uji juu ya karatasi yake inapita kwenye oveni inakauka pale pale ilipolala, kwa hiyo haina kumbukumbu ya kuvutwa, haina pa kurudi. Ndo maana kasti ni nyembamba, kama mikroni 50 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), wakati za kalenda nyingi ziko kwenye 70 mpaka 100, na hapo ndo watu wengi wanapigwa dukani, anaishika kwa vidole anasema hii nene ndo nzuri. Kwenye stika unene sio ubora kaka. Kasti nyembamba inalala kwenye kona na inakaa miaka saba hadi kumi, ile nene ya bei chee inakupa miwili mitatu.

Na hiyo miaka isome kwa akili. Mfano wenye stika za Oracal, ni Wajerumani, miaka wanayoandika kwenye karatasi zao wameipimia hali ya hewa ya Ulaya ya kati, tena stika ikiwa wima. Boneti ya gari Dodoma saa saba mchana haiko wima na haiko Ulaya. Kitu kilicholala kama boneti, paa au kifuniko cha boti kinakula jua kutwa nzima, ukiambiwa miaka mitano we mwambie mteja miwili, ikizidi mtashukuru pamoja.

Kwa hiyo kuchagua sio kugumu. Punguzo la bei kwenye kioo cha duka, tangazo la tumehamia, stika za kampeni, maonyesho ya Sabasaba au Nanenane, chukua monomeriki bila aibu, hela ya nini ya zaidi kwa kitu cha mwezi mmoja. Bango bapa la ofisi, herufi za mlangoni, ubavu wa gari uliolala bila mikunjo, chukua polimeriki au ya kati kama Oracal 651. Gari zima, mikunjo, riveti (vile vichwa vya pini za kushikia bati), pikipiki, boti, hapo ni kasti, Oracal 951 kwa herufi za kukata, na kama unaprinti kuna kasti zake kama IJ180 ya kampuni ya 3M, na usimwonee mteja huruma kwenye bei maana atarudi na hasira. Ukutani ndani ya nyumba au kitu cha kubandua baadaye, tafuta yenye gundi ya kuachia kama Oracal 631, ambayo pia haing'ai.

Mapovu

Swali la kwanza ni moja tu, yalikuwepo siku ya kubandika au yamekuja baadaye? Yaliyokuwepo siku hiyo ni hewa, umekimbiza skwiji, kile kibao cha plastiki cha kukandamizia stika. Toboa kwa sindano, sindano sio kisu, pembeni ya povu sio katikati, sukuma hewa itoke kupitia tundu. Madogo madogo kama punje za mtama yaache, jua la siku chache litayamaliza lenyewe.

Yaliyokuja baadaye ni habari nyingine, hiyo ni gesi inatoka chini. Hapa nina aibu yangu mwenyewe. Kuna kijana aliniletea bajaji imetoka kupigwa rangi, nzuri inang'aa, ukiipita bado inanukia thina, akasema kesho naingia barabarani fundi nataka jina na ule mstari. Na mi nikaangalia hela nikabandika. Alasiri ya siku ya pili kanipigia, "kaka njoo uone bajaji yako imepata tetekuwanga". Nilienda nikakuta mapovu mia na kitu, nikayatoboa, kesho yake yamerudi. Rangi mpya inapumua, thina bado inatoka ndani na ukiifunika na plastiki itapita wapi? Rangi ikishapigwa isubirie kama wiki tatu ndo ubandike. Nilirudia ile kazi bure na safari hii nilimwambia aendeshe bajaji yake hivyo hivyo bila jina mpaka wiki ziishe.

Plastiki angavu za mabango ya taa nazo zina tabia hiyo, hasa polikaboneti, zinanyonya unyevu wa hewa na zikipata joto zinautema. Kwa pwani hii yetu kipindi cha masika ukibandika polikaboneti iliyokaa stoo yenye unyevu umejitakia.

Povu la aina ya tatu ni maji. Watu wengi tunapenda kubandika kwa maji na matone ya sabuni maana stika inateleza unairekebisha, sawa, ila kuna stika mgongo wake ukiutazama kwa mwanga una vijimistari kama nyavu, ile ni njia ya hewa kutokea. Hizo zibandike kavu. Ukimwaga maji yanajaa kwenye zile njia, yanakaa humo, gundi haishiki.

Inabanduka na gundi ni safi inang'aa

Piga maji matone mawili pale ilipobanduka. Yakijikusanya kama shanga, hapo hapashikiki. Yakitandaa, pako safi tafuta kosa kwingine. Jaribio halina gharama na limeniokoa mara nyingi kuliko mashine yoyote.

Adui mkubwa ni dawa za kung'arisha, zile wanazopaka dashibodi na bampa kule wanakoosha magari, zina silikoni na haitoki kwa kufuta na tambara. Osha kwa sabuni, suuza, acha ikauke, afu pitisha spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na kabla spiriti haijakauka fuata na kitambaa kingine kikavu, maana spiriti ikikauka yenyewe mafuta yanabaki yalipokuwa, umeyahamisha tu. Ukipaka petroli au mafuta ya taa ukaona umesafisha, umepaka mafuta mengine.

Ila kuna plastiki ambayo hata uioshe kwa maombi haishiki. Bampa nyeusi isiyopigwa rangi, tenki la maji, dumu, ndoo, kreti. Hizo nyingi ni polithini au polipropilini, na gundi ya kawaida inazionea kinyaa, itashika leo na kesho keshokutwa kona imenyanyuka. Kuna stika zinauzwa zenye gundi kali maalumu kwa kazi hizo, na kuna praima, dawa ya kusaidia gundi ishike, ya kupaka kidogo kwenye kingo. Kama huna hata kimoja mwambie mteja ukweli.

Na hali ya hewa nayo. Gundi ya stika inashikishwa na mgandamizo, na ikiwa baridi sana inakuwa ngumu haiingii kwenye vitundu vya uso. Stika nyingi hazitaki chini ya nyuzi 8 au 10. Dar hilo hujawahi kuliwaza, ila jamaa wa Njombe na Makete mwezi wa sita asubuhi wanalijua, subirini jua litoke au mpashe bati joto kwanza. Sisi wa pwani tatizo letu ni kinyume, bodi la gari lililolala juani ukigusa linakuunguza, stika ikigusa tu imeng'ang'ania, huwezi kuinyanyua bila kuivuta, na ukishaivuta umeshapanda mbegu ya kusinyaa. Sogeza gari kivulini, nusu saa, kunywa chai.

Imebanduka na unga wa rangi

Hii ni ya kuta. Fundi anabandika nembo kubwa mapokezi ya ofisi, kila mtu anapiga picha, wiki mbili baadaye nembo imelala sakafuni usiku kucha peke yake. Rangi ya maji ya bei ya chini ina chokaa nyingi, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Kabla hujatoa bei beba tepu, bandika kipande ukutani, kikandamize, kivute kwa haraka. Ikija na rangi, mwambie mteja apige rangi nzuri kwanza, tena aisubiri hizo wiki tatu. Na zile rangi zinazotangazwa kwamba ukichorewa na mtoto unafuta, zimetengenezwa ili kitu kisishike, stika nayo ni kitu.

Kwenye mikunjo na riveti imeinuka kama hema

Umebandika ubavu wa Coaster au bodi la Canter, siku ya kwanza kila riveti imekaa vizuri kama imechorwa, wiki ya pili kila riveti ina kahema kake. Kama ni stika ya kalenda acha tu, haitakaa, hata uichome vipi itarudi. Kama ni kasti basi hukuimalizia joto.

Inavyotakiwa ni hivi. Juu ya riveti acha hema kwanza, usiibonyeze kwa kidole, toboa na sindano sehemu mbili tatu kuizunguka, afu pasha kwa hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, mpaka uone stika inalegea inang'aa kidogo, hapo bonyeza kwa brashi ngumu ukizungusha. Ukishamaliza gari zima rudi na joto mara ya pili kwenye kila riveti, kila bonde, kila kona, mpaka nyuzi 90 na kuendelea, hiyo ndo inaifuta kumbukumbu ya kuvutwa. Hii hatua ya mwisho ndo watu wanairuka kwa sababu gari limeshapendeza na mteja ameshatoa hela. Vijana wa matatu Nairobi wenye michoro ya kutoka mbele mpaka nyuma ukiwatazama wanavyofanya kazi, joto la mwisho hawaliruki.

Kingine, mlango ukikutana na bodi kata stika, usipitishe juu ya mpira wala juu ya mwanya. Mpira haushiki gundi.

Iliyoprintiwa inajikunja kingo, au rangi imepauka

Ikitoka kwenye mashine wino umekauka kwa kidole tu, ndani bado kuna majimaji ya wino wa solventi, yaani wino wenye majimaji kama thina, ukiifunga kwenye roli saa hiyo hiyo au ukaipiga lamineti, ile plastiki angavu ya kuifunika juu, yanashuka kwenye gundi yanailainisha, na stika inavimba inajikunja. Iache imetandazwa au roli limelegezwa limesimama wima, saa 24 kwa uchache, kama imejaa rangi nzito nzito ipe siku mbili. Mteja anayesema nakuja saa kumi kuchukua mwambie saa kumi ya kesho.

Kupauka umeshaona yale mabango ya chipsi kuku ambayo chipsi zimekuwa za bluu na kuku kawa wa bluu, hapo nyekundu na njano zimeliwa na jua, bluu na nyeusi ndo zimebaki. Dawa ni lamineti yenye kinga ya jua. Na lamineti iendane na stika, kasti kwa kasti, ukipiga lamineti ya kalenda juu ya kasti ile ya juu itasinyaa itaivuta ya chini na pesa yako ya kasti umeitupa.

Vioo

Wanwei, ile yenye matundu ya kuona nje, mvua ikinyesha maji yanajaa kwenye matundu na dereva haoni nyuma, kwa kioo cha gari ipigwe lamineti yake. Kwa milango ya ofisi tumia frosti ya kweli, ile stika inayofanya kioo kiwe kama kina ukungu, sio nyeupe ya kawaida ukasema itafanana, mchana itafanana na usiku taa zikiwaka utaona vivuli na kila alama ya skwiji. Frosti ibandikwe kwa maji, ikionekana na ukungu mweupe siku ya kwanza usiogope ni maji yanakauka. Ukungu huo ukija miezi baadaye kwenye stika angavu sehemu yenye unyevu, hiyo ni gundi ya asili ya maji, haikufaa pale.

Na tahadhari, kioo kinachopigwa na jua kali usikifunike nusu kwa stika nyeusi. Nusu inachemka nusu imepoa, kioo cha kawaida kinaweza kupasuka chenyewe, na ataulizwa nani kama sio wewe.

Tangazo la zamani linaonekana chini ya jipya

Nyeupe ya kawaida inapitisha mwanga, hata ubandike mbili. Omba yenye mgongo wa kijivu au mweusi. Basi.

Kabati la jikoni

Hili naulizwa sana na kina dada na kina mama, karatasi ya marumaru ya kubandika kwenye kabati na meza, inakuwa nzuri mwezi mmoja afu kingo zinaachia. Tazama inaachia wapi. Juu ya jiko la gesi ni joto na mvuke wa mafuta, hapo isiwekwe kabisa, weka bati au vigae. Kwenye kingo za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, ni kwa sababu ule upande uliokatwa ni kama sponji, unakunywa gundi, upake vanishi au praima kwanza ukauke vizuri. Na usikate stika ikaishia ukingoni kabisa, ipitishe iingie nyuma sentimita mbili tatu, mkono unaofungua mlango kila siku usikutane na ukingo.

Kuibandua yenyewe

Stika iliyokauka ukiivuta baridi inakatika vipande vya ukucha na utakaa pale mpaka kesho. Pasha joto kidogo, sio kuchoma, nyanyua kona, ivute taratibu ikiwa imelala inarudi yenyewe juu yake, usiivute kuja usoni kwako, maana ukivuta hivyo kwenye gari lililorudiwa rangi mtaani rangi inakuja nayo. Mteja aambiwe hilo kabla, sio baada. Gundi inayobaki ipake mafuta ya taa kwenye tambara, subiri dakika chache, ikilainika ikwangue na skwiji ya plastiki, usitumie wembe kwenye rangi. Petroli iache, inakula rangi na jirani anavuta sigara. Halafu hayo mafuta ya taa yaoshe yaishe kabisa kwa sabuni, malizia na spiriti, piga matone yako mawili ya maji uone yanatandaa, la sivyo ile stika mpya utaiokota chini wiki ijayo na gundi yake safi inang'aa.